Jinzi ya Lesotho kwenye belo la Mtwara

Jumamosi iliyopita nilikuwa pembeni ya soko kuu hapa Mtwara. Belo la jinzi lilikuwa limefunguliwa na kila mtu ameinama. Mwenye belo ni mama ninayefahamiana naye tangu nilipokuwa wakala wa forodha, na hadi leo ananiita Mzee wa Ushuru. Nikavuta suruali moja ya bluu, nikageuza kiuno nje ndani nisome lebo, tabia ambayo kazi ile iliniachia. Imeshonwa Lesotho.

"Lesotho ndiyo wapi, mzee wangu?"

Nikamweleza: kanchi ka milimani, Afrika Kusini imekazunguka pande zote, watu milioni mbili na ushei, bahari hakana. Suruali hii yumkini kitambaa chake kilitoka Asia, ikashonwa kule, ikateremshwa bandari ya Durban, ikavuka hadi Marekani, ikavaliwa, ikachokwa, ikafungwa kwenye belo, leo iko mkononi mwangu kwa shilingi elfu nane. Akaguna. "Imetembea kuliko mimi. Sasa Mmarekani alikosa nini China mpaka akanunue huko milimani?"

Hakukosa kitu. Alikuwa anakwepa ushuru, tena kihalali. Kwa viwango vya kawaida, suruali ya pamba ikiingia Marekani inatozwa asilimia 16.6, fulana ya pamba 16.5, na shati la kufuma la sintetiki hufika 32. Mei 2000 wakapitisha sheria ya AGOA, na nchi za Afrika zilizotimiza masharti zikaingiza nguo kwa sifuri. Lesotho ikawa miongoni mwa waliochangamkia zaidi.

Tupige hesabu ya mezani, namba nimejitungia. Kiwanda cha Bangladesh kinauza suruali dola 9, cha Maseru, mji mkuu wa Lesotho, dola 10. Ya Bangladesh ikigongwa ushuru inafika dola 10.49. Ya Maseru inabaki 10. Mnunuzi wa kontena zima haoni aibu kufuata senti 49.

Mama akaniwahi: "Basi wafute kwa wote, kila mtu apone."

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, hata maofisini. Futa kwa wote uone: Bangladesh dola 9, Maseru dola 10. Lesotho hajapandishiwa hata senti, ushuru wake ni sifuri ileile ya jana, na oda imeondoka. Kilichokuwa kinambeba ni ule ushuru wanaolipa wenzake. Wenye fani tunaita kumomonyoka kwa upendeleo. Kwa hiyo ukisikia nchi kubwa imefuta ushuru wa nguo, usiulize tu imefuta kiasi gani. Uliza imemfutia nani mwingine.

Lesotho iliyaonja haya mapema, ingawa safari ile ulioondoka haukuwa ushuru. Tarehe 1 Januari 2005 dunia ilifuta mgao wa nguo, ule utaratibu wa kuzipangia nchi kama China kiasi cha kuuza katika masoko makubwa. Baada ya likizo ya Krismasi viwanda kadhaa vya Lesotho havikufunguliwa tena, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi. Cherehani zilikuwa zilezile, mafundi walewale.

Na hata sifuri ikiwa yako peke yako, usidhani yote inaingia mfukoni mwako. Mnunuzi anajua hulipi ushuru, naye anabana bei. Mwaka 2005 wachumi Olarreaga na Özden walichapisha hesabu zao za nguo za AGOA: wauzaji wa Afrika walibaki na takriban theluthi moja ya ule ushuru uliosamehewa. Nilipoanza kazi ningebisha. Baada ya kukaa na makaratasi ya mizigo ya watu miaka kadhaa, sibishi.

Halafu kuna cheti cha uasili, karatasi iliyoninyima usingizi kuliko zote. Sifuri hupewi kwa sababu umeshona tu. Lazima nguo ihesabiwe ni ya kwenu. Huku Kusini hilo halihitaji darasa. Korosho ya Newala ikipanda meli ghafi na kubanguliwa Vietnam, boksi linaandikwa Vietnam. Kwenye nguo swali ni hilohilo: uzi wa nani, kitambaa cha nani, sindano ya nani? AGOA ililegeza kamba kwa nchi maskini, zikaruhusiwa kutumia kitambaa cha popote. Bila kilegezo hicho jinzi yangu isingezaliwa Lesotho. Ulaya nao walikuwa wametoa sifuri kwa nchi maskini zaidi tangu 2001, ila walidai nguo ipitie hatua mbili, kutengeneza kitambaa na kushona, mpaka Januari 2011 walipokubali hatua moja. Sifuri isiyo na kitambaa ni kualikwa karamuni na kuambiwa uje na sahani, sufuria na mpishi.

Watu huniuliza kwa nini Mtwara hatushoni za kuuza nje na bandari ya kina kirefu tunayo. Pamba yetu iko Kanda ya Ziwa. Huku Kusini kilimo chake kilizuiwa kwa sababu ya funza mwekundu. Kitambaa kitoke mbali, nguo irudi mbali, na meli za kontena hapa huchangamka msimu wa korosho. Hiyo senti 49 itakwisha kabla hujafika mlangoni kwa mnunuzi.

Upendeleo wenyewe pia una mwenyewe, naye ana masharti. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wauza mitumba wa Marekani wakalalamika. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye sifuri ya AGOA. Lesotho haikugombana na mtu, lakini Aprili 2025 ikatangaziwa ushuru wa asilimia 50, uliokuja kushushwa hadi 15.

Mama alikuwa kimya, anakunja suruali. "Kwa hiyo belo langu lipo hapa kwa sababu sisi tulirudi nyuma?"

Kwa sehemu, ndiyo.

Nikaona nimetoa somo la kutosha, nikaomba jinzi ile aniachie kwa elfu sita. Akatazama wateja walioinama pande zote mbili, akashusha sauti.

"Nikikupa wewe peke yako utafurahi, Mzee wa Ushuru. Hawa wakisikia watataka wote, na hapo sita yako ina faida gani?"