Kwa nini multimita inasoma volti 180 kwenye inveta nzima

Mafundi wa sola huniuliza swali hili mara kwa mara: inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, imeandikwa volti 230, taa zinawaka vizuri, lakini multimita inaonyesha 180 tu. Wengine wameshamrudishia muuzaji. Mara nyingi inveta haina tatizo lolote. Mita nayo si mbovu, ila imepewa kazi ambayo haikutengenezewa.

Zile volti 230 za ukutani ni thamani faafu, yaani volti za umeme wa betri ambazo zingeipasha pasi yako moto kwa kiwango kilekile. Wimbi lenyewe hupanda hadi karibu volti 325, likashuka hadi 325 hasi, mara 50 kila sekunde. Ukitafuta wastani wa mzunguko mzima unapata sifuri, kwa sababu nusu ya juu na nusu ya chini zinafutana. Lakini pasi haijali mkondo unaelekea wapi; joto lake hufuata mraba wa volti. Kwa hiyo tunapiga mraba kila thamani ya wimbi, tunatafuta wastani wa miraba hiyo, kisha tunachukua kipeuo chake cha pili. Kwa wimbi la saini, yaani lile laini la umeme wa ukutani, jibu ni kilele mara 0.707.

Multimita ya bei nafuu haipigi mraba wowote. Inageuza nusu hasi kuwa chanya, inachukua wastani, ambao kwa saini ni 0.637 ya kilele, halafu inazidisha kwa 1.11. Jibu linatoka sahihi kabisa, mradi wimbi ni saini. Kwa wimbi la mraba, mita hiyo inaongeza asilimia 11. Kwa la pembetatu, inapunguza karibu asilimia 4.

Sasa turudi kwenye inveta. Zile za bei ya chini hutoa ngazi: volti chanya, sifuri, volti hasi, sifuri. Tuseme kilele ni volti 325 na wimbi linakaa kwenye sifuri nusu ya muda. Thamani faafu ni 325 mara kipeuo cha pili cha 0.5, yaani 230. Wastani ni 162.5, na ukizidisha kwa 1.11 unapata 180. Hiyo ndiyo namba inayowatisha watu.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Betri ikishuka, kilele nacho hushuka, na inveta nyingi za aina hii hurefusha muda wa ngazi ili thamani faafu ibaki 230. Kilele kikifika 300, ngazi hukaa juu karibu asilimia 59 ya muda, na mita nafuu itasoma kama 196. Betri inaisha, namba inapanda!

Kwenye mkondo ndiko ninakoogopa hasa. Kompyuta, televisheni na taa za LED nyingi huvuta mkondo kwa mapigo mafupi karibu na kilele cha volti. Chukua mapigo ya mraba ya ampea 25 yanayodumu asilimia 16 ya muda: thamani faafu ni ampea 10, wastani ni 4, na mita ya kubana, ile inayoshika waya kwa nje kupima mkondo, kama haipigi mraba itaonyesha 4.4. Waya unapata joto mara tano ya lile utakalokadiria kwa kusoma kioo. Fundi anayechagua unene wa waya kwa namba hiyo anahatarisha nyumba ya mtu.

Kwa kazi ya inveta, jenereta au ofisi yenye kompyuta nyingi, nunua mita iliyoandikwa True RMS, yaani inayopima thamani faafu yenyewe. Hata hiyo, soma kijitabu chake uone kilele kinaruhusiwa kuwa mara ngapi ya thamani faafu. Nyingi huishia mara 3. Tena, nyingi zikiwa upande wa AC (umeme unaogeuka mwelekeo) hukata sehemu ya DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Wimbi la saini lenye kilele cha volti 325 lililopita kwenye daiodi moja, ambayo hupitisha mkondo upande mmoja tu, lina thamani faafu ya 162.5, lakini mita itakuonyesha kama 125. Pima pia upande wa DC, utapata karibu 103. Piga mraba namba zote mbili, zijumlishe, chukua kipeuo cha pili, na 162 yako itatokea.