Je, Wajua Kwa Nini Karanga na Jogoo Hupelekwa Mbele ya Altare?

Mgeni akiingia katika kanisa Katoliki mkoani Tabora Jumapili ya mavuno, ataona, mara baada ya sala ya waamini, wanajumuiya wakipita katikati ya kanisa kwa mwendo wa ngoma: mbele mkate na divai, nyuma yake ungo wa karanga, mchele, chupa ya asali na jogoo aliyefungwa miguu. Wengi hudhani kwamba hayo ni mapambo ya Kiafrika yaliyoongezwa juu ya ibada ya Kizungu. Ngoma ni yetu kweli, lakini kuleta vipaji, yaani zawadi za waamini, ni desturi ya kale sana.

Mnamo mwaka 155 hivi, Yustino, mwanafalsafa Mkristo aliyeishi Roma, alimweleza Kaisari kwa maandishi yanayofanyika siku ya Jumapili: watu hukusanyika, maandiko husomwa, kiongozi huhubiri, wote husimama kusali, kisha huletwa mkate, divai na maji, nao wenye uwezo hutoa kwa hiari, na kilichopatikana huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tangu hapo meza ya Bwana haikutengwa na tumbo la mwenye njaa.

Baadaye, katika Kanisa la Magharibi, mkate wa nyumbani uliipisha hostia, yaani kimkate chembamba kisichotiwa chachu, fedha zikachukua nafasi ya mazao, na maandamano yakafifia. Kwa hiyo wamisionari waliofika Tabora mwaka 1878 walikuja na Misa isiyokuwa nayo. Maandamano hayo yalirudishwa na Misale, kitabu cha sala na taratibu za Misa, iliyotolewa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki. Misale hiyo inaagiza vipaji vingine viwekwe mahali panapofaa, mbali na meza ya Ekaristi. Ndiyo maana jogoo huishia pembeni, ambako hana budi kuvumiliwa hata akiamua kuwika wakati wa mageuzo, yaani mkate na divai vinapowekwa wakfu, na baada ya Misa mara nyingi hupigwa mnada nje ya kanisa.

Padri anapouinua mkate, humshukuru Mungu kwa tunda la ardhi na la kazi ya mikono ya wanadamu. Kwa maoni yangu, mkulima aliyepalilia karanga zake hahitaji maelezo marefu ya sala hiyo: jasho lake limo katika kile ambacho Wakatoliki huamini kuwa kitageuzwa kuwa Mwili wa Kristo. Waprotestanti wengi nao huleta mavuno kanisani, ila kwao ni shukrani tu, kwa sababu hawakiiti Chakula cha Bwana sadaka inayotolewa altareni.