Unaposema "Mungu", unamaanisha nani, au nini?

Mvua za Novemba zikikawia Tabora, mkulima wa tumbaku hutazama mawingu na kusema, "Mungu atajalia." Jirani yake Mwislamu huitikia, na jirani yake Mkatoliki huitikia vilevile. Neno ni moja. Dhana iliyo nyuma yake ndiyo hutofautiana. Ukitaka kuipambanua, nadhani swali jepesi kuliko yote ni hili: Mungu huyo anaombeka mvua?

Tuanze na sarufi, maana lugha huwa imeshaamua mambo mengi kabla wanafalsafa hawajafika. Kwa Kiswahili tunasema "Mungu anajua", kama tunavyosema kwa mtu. Wingi wake lakini huhamia kwenye ngeli ya miti: Biblia inasema "miungu mingine", haisemi "wengine". Akiwa mmoja ni nafsi, wakiwa wengi ni kama magogo. Waha wa Kigoma, sawa na Warundi na Wanyarwanda, humwita Imana, na jina hilo halimo kabisa katika ngeli ya watu. Hata hivyo Wanyarwanda husema Imana hushinda kwingine mchana kutwa, usiku hurudi kulala Rwanda. Mwenyeji hasa!

Wanyamwezi wana majina kadhaa: Likube, Limatunda, yaani Muumba, Liwelelo, yaani ulimwengu, na Limi, ambalo ndilo jua lenyewe. Katika mapokeo yao ya kale, huyu aliumba kisha akawa mbali na shughuli za kila siku. Ni nadra tambiko kupelekwa kwake moja kwa moja. Mizimu ndiyo iliyoendewa, na mvua ilikuwa jambo la mtemi na wahenga wake. Kwa hiyo jibu la swali letu hapa ni: anaombeka, ila kwa kupitia wengine.

Kwa Waislamu na Wakristo anaombeka waziwazi. Waislamu wana swala maalumu ya kuomba mvua, na Wakatoliki huiombea kwenye misa. Wanapoachana ni kwenye neno "mmoja". Sura ya Al-Ikhlas inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na tauhidi, yaani imani ya umoja wa Mungu, haikubali mgawanyo wowote ndani yake. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulikiri kwamba Mwana ana asili moja na Baba. Mungu mmoja, nafsi tatu. Wote wawili husema "Mungu ni mmoja", na kila mmoja humshangaa mwenzake.

Wanafalsafa ndio wanaompa mkulima wetu taabu. Mungu wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, huvisogeza vyote bila yeye kusogezwa, na kazi yake ni kuwaza, tena anajiwaza mwenyewe. Habari za tumbaku ya Urambo hazimfikii. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu, alimweleza Mungu kuwa ndiye ambaye kuwako kwake ni kwa lazima, akaongeza kwamba hujua mambo ya mojamoja kwa namna ya jumla tu. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliona hiyo ni kufuru: Mungu asiyelijua shamba langu kama shamba langu, nimwombe nini?

Mwanafalsafa Spinoza alikwenda mbali zaidi. Jumuiya ya Kiyahudi ya Amsterdam ilimfukuza mwaka 1656, akiwa na miaka 23. Baadaye aliandika kwamba Mungu na maumbile ni kitu kimoja, na kwamba anayempenda Mungu hawezi kutaka Mungu naye ampende. Mvua kwake hunyesha kwa sababu zake, basi. Jaribu kumtafsiri Mungu huyo kwa Kiswahili uone unavyokwama kwenye kiambishi: ukitumia a- umemfanya mtu, ukitumia ki- umemfanya kitu.

Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hakikupata shida hiyo. Brahman, ambaye kwa Wahindu ni kiini cha vyote vilivyopo, ni jina lisilo la kiume wala la kike, ilhali Brahma, yule muumba, ni wa kiume. Kwa mwanafalsafa wa Kihindu Shankara, Brahman katika uhalisi wake hana sifa yoyote, kwa hiyo haombwi mvua. Anayeombwa ni Ishvara, ambaye ni Brahman huyohuyo akivikwa sifa ili waja wapate pa kumshika. (Umeona? Nimeshaandika "hana" na "haombwi". Kiswahili hakikuniachia njia nyingine.)