Spoila ya mbele inayojirekebisha: inafanya nini gari likishika kasi?

Spoila ya mbele inayojirekebisha ni kipande kilichofichwa chini ya bampa la mbele, ambacho hushuka au kuchomoza chenyewe gari likifika kasi fulani, kisha hurudi ndani kasi ikipungua. Dereva hahitaji kugusa kitu, ingawa baadhi ya magari yana kitufe cha kuitoa mapema. Kompyuta ya gari husoma kasi, mkao wa usukani na nguvu ya breki, halafu huamuru mota ya umeme au pampu ya hewa ifanye kazi. Maana ya neno inaishia hapo. Kinachosumbua watu ni namna kipande chenye upana wa vidole vinne kinavyoweza kubadilisha tabia ya gari la tani moja na nusu.

Vijiweni jibu huwa moja: upepo unaipiga spoila, spoila inalikandamiza gari chini. Kuna ukweli humo, lakini ni mdogo. Mtu wa Dodoma ana mfano mzuri zaidi juu ya kichwa chake mwenyewe, yaani bati. Kiangazi, upepo unapobeba vumbi la mji mzima, paa likiondoka huwa halijasukumwa kutoka juu. Hewa inayopita juu ya bati inakimbia na mgandamizo wake unashuka. Hewa iliyoingia kwa chini, kupitia barazani na kwenye pengo la ukuta, inakwama humo na kusukuma kwenda juu. Tofauti ya hewa hizo mbili ndiyo inayong'oa misumari. Watu hujikinga kwa njia mbili. Wengine hupandisha mawe na matairi chakavu juu ya paa. Wengine, na hawa ndio waliompata fundi mzuri, huziba pengo ili hewa isiingie chini.

Gari nalo ni paa linalotembea. Juu limebinuka, hivyo hewa inaongeza mwendo ikipita kwenye boneti na kioo. Chini kuna ekzosi, shafti, sampu ya oili na matundu ya kila aina, na hewa inayoingia humo inagongagonga, inapunguza mwendo, inajaa kwenye chumba cha injini na kuinua pua. Spoila ya mbele inaziba pengo. Hewa nyingi inalazimika kuzunguka pembeni au kupita juu, na ile kidogo inayopenya kwenye upenyo mwembamba uliobaki inapita kwa kasi, kwa hiyo mgandamizo chini ya pua unashuka. Gari linavutwa kuelekea lami. Spoila ikiwa na ubao mlalo unaochomoza mbele kama mdomo wa sepetu, hewa iliyosimama mbele ya bampa inaukalia ubao huo kutoka juu, na hapo ndipo jibu la kijiweni linapopata haki yake kidogo.

Sasa tuweke namba. Chukua gari lenye uso wa mita za mraba 2 unaokabili upepo na kizidishio cha kunyanyuka (namba inayoonyesha umbo la gari linanyanyuliwa na hewa kiasi gani) cha 0.3, ambacho si cha ajabu kwa gari la zamani lisilo na spoila yoyote. Katika hewa ya usawa wa bahari, kwa kilomita 100 kwa saa gari hilo linapunguziwa uzito wa kilo 29 hivi. Ni kama mtoto wa shule ya msingi ameshuka, dereva hatajua. Kwa kilomita 200 ni kilo 116. Kwa kilomita 300 ni kilo 260. Kasi imepanda mara tatu, kunyanyuka kumepanda mara tisa, kwa sababu kani ya hewa hufuata kasi iliyozidishwa kwa kasi yenyewe. Ndiyo sababu dereva wa basi wa njia ya Morogoro, ambaye haruhusiwi kuzidi 80, anaweza kuendesha miaka 20 bila kuwaza habari hizi, ilhali waliochora pua ya treni ya umeme inayokimbia 160 kati ya Dar es Salaam na Dodoma hawakuweza kuzikwepa.

(Kwa anayependa hesabu: Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya pwani. Kilo 116 zile zinakuwa kama 104 hapa kwetu. Gari linanyanyuliwa kidogo zaidi Dar, na spoila nayo inafanya kazi zaidi Dar. Hakuna aliyepata faida.)

Kupunguziwa uzito si kosa peke yake. Muhimu ni uzito umeondoka wapi. Tairi hushika lami kwa kadiri linavyolemewa. Kunyanyuka kukiwa zaidi mbele, usukani unakuwa mwepesi mkononi, gari linachelewa kuitika, na kwenye kona pua inakataa kuingia. Ukipishana na lori siku ya upepo, pua inasogezwa kabla hujajua. Kunyanyuka kukiwa zaidi nyuma mambo ni mabaya kuliko hayo: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kutangulia, na kwa mwendo wa 180 ni wachache wenye mikono ya kuurudisha. Wasandawe wa Chemba, watu wa upinde tangu zamani, hawawezi kukuelewa ukiwaambia mshale ufungwe manyoya mbele. Kinachokwenda kasi kinapaswa kushikwa nyuma kwanza. Wahandisi wa magari hupanga hivyohivyo: kasi inapopanda, nyuma ibaki imara kuliko mbele kwa kiasi kidogo, ili gari likikosea likosee kwa kukataa kona badala ya kuzunguka.

Kwa hiyo spoila ya mbele ikiwekwa peke yake inaweza kulifanya gari liyumbe zaidi. Hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa urembo wa magari hawalisemi. Ukiongeza mshiko wa mbele bila kugusa nyuma, umesogeza manyoya ya mshale.

Porsche 911 inaonyesha safari yote. Injini yake iko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo pua ni nyepesi tangu gari likiwa limesimama. Katika miaka ya 1960 kiwanda kilifika mahali pa kuficha vipande vya chuma ndani ya bampa la mbele ili pua iwe nzito. Mawe juu ya bati, neno kwa neno. Kisha toleo la S la mwaka 1972 likapata spoila chini ya bampa, na pua ikatulia bila mzigo. Haukupita muda, toleo la Carrera RS 2.7 la mwaka 1973 likaja na kile kibinuko cha nyuma ambacho Wajerumani walikipa jina la mkia wa bata. Mbele imeshikwa, lazima nyuma nayo ishikwe. Spoila hizo zote mbili zilikuwa za kudumu, zimefungwa kwa boliti, hazijui gari liko 40 au 240.

Na ubaya wa spoila ya kudumu tunaujua sisi kuliko Wajerumani, kwa kuwa sisi ndio tuna matuta. Ili izibe upenyo vizuri, inatakiwa ishuke karibu kabisa na lami. Ikishuka hivyo, haivuki tuta la kwanza, achilia mbali kuingia gereji yenye korongo mlangoni. Spoila inayojirekebisha ilizaliwa kutokana na ugomvi huo: mjini unataka nafasi chini ya bampa, barabara kuu unataka isiwepo. Wajapani walianza mapema. Nissan Skyline ya kizazi cha R31, katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na spoila ya mbele inayoshuka yenyewe. Mwaka 1990 Mitsubishi GTO ikatoka na mfumo unaoshusha spoila ya mbele na kuinamisha ile ya nyuma kwa pamoja, gari likifika kilomita 80 kwa saa. Hilo la kwa pamoja ndilo la kuangalia.

Porsche wenyewe waliifikia spoila ya mbele inayojirekebisha mwaka 2013, kwenye 911 Turbo ya kizazi cha 991. Hawakutumia plastiki ngumu. Walitumia mpira laini wenye vyumba ndani, unaojazwa hewa ukachomoza na kunyonywa ukajikunja. Hadi kilomita 120 kwa saa mpira unabaki ndani, na hata ukigusa ukingo wa barabara haupasuki kirahisi. Kupita hapo, sehemu za pembeni tu hutoka, zikisukuma hewa izunguke gari, na spoila ya nyuma hupanda kiasi. Dereva akitaka mbio za uwanjani anabonyeza kitufe: mpira wote unatoka, ya nyuma inapanda zaidi na kuinama. Mbele na nyuma zinakwenda sambamba katika kila hatua. Kwenye 911 Turbo S ya mwaka 2020 wakaongeza jingine: ukikanyaga breki za dharura ukiwa kwenye kasi kubwa, spoila zote hufunguka kwa ukubwa wake wote, zishike hewa na zigandamize matairi wakati uzito wa gari unapokimbilia mbele na kuuacha mkia mtupu.

Si kila mara gari linataka kugandamizwa. Kugandamizwa kuna gharama, nayo ni hewa inayokuvuta nyuma kwenye mnyoofu. Lamborghini Huracán Performante ya mwaka 2017 inafanya kinyume cha nilichoeleza: spoila yake ya mbele haishuki, ila ina vilango vidogo vinavyofunguka ndani ya nusu sekunde, vikaruhusu hewa ipite chini na gari lipate wepesi. Kona ikikaribia vinafungwa. Hata pikapu zimeazima wazo hili kwa sababu zisizo na uhusiano na kona. Ram 1500 ya Marekani, toleo la 2019, hushusha kizuizi cha mbele kwa sentimita 6 hivi likitoka mjini, lengo likiwa kupunguza mafuta tu.

Je, pua ikiachwa kabisa? Mwezi Juni 1999, kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, magari ya mbio ya Mercedes CLR yalipaa. Si kwa kusema tu. Mark Webber alipinduka hewani mara mbili kabla ya mashindano kuanza, na kwenye mashindano yenyewe gari la Peter Dumbreck liliinua pua, likazunguka hewani na kutua porini nje ya barabara. Alitoka hai. Gari lile lilikuwa refu, la chini, bapa kama sinia. Lilipopanda kilima kidogo likiwa nyuma ya gari jingine, pua ilipoteza hewa ya kuigandamiza, ikanyanyuka nyuzi chache, hewa ikaingia chini ya sakafu bapa, na kadiri pua ilivyopanda ndivyo hewa ilivyozidi kuingia. Bati tena. Likishaachia msumari wa kwanza, mingine haichukui muda.

Kuna undani mmoja ninaoupenda. Kasi ya gari inayoifungua spoila huwekwa juu kuliko kasi ya gari inayoifunga. Zingekuwa sawa, dereva anayecheza kwenye kilomita 119, 121, 118 angeifanya ichomoze na kujificha kama kobe anayechokozwa, mota ingekufa ndani ya mwezi, na mshiko wa mbele ungebadilika kila sekunde, jambo la hatari kuliko kutokuwa na spoila. Na ikikwama, gari lililotengenezwa vizuri humwonya dereva apunguze mwendo, kwa kuwa nyuma kukiwa kumefunguka na mbele hakujafunguka, au kinyume chake, ule mpango wote wa mshale umevurugika.

Haya yote niliyapanga kichwani kwa sababu ya mpwa wangu wa Nkuhungu, mwenye gari la Subaru Impreza. Alinunua mdomo wa plastiki, akaubandika chini ya bampa kwa skrubu na gundi, akaja kunionyesha. "Anko, sasa hivi nikifika Kibaigwa gari limetulia kama reli." Nikamuuliza anakwenda ngapi. Akacheka, akasema anaogopa tochi, hazidi tisini. Kwa tisini mdomo ule ulikuwa unatuliza moyo wake tu. Wiki ya tatu tuta liliuchukua nusu.

Nilimwinamisha achungulie chini ya injini. Kava la plastiki ambalo kiwanda kiliweka kulainisha njia ya hewa halikuwepo. Liliondolewa siku ya kumwaga oili, kama yanavyoondolewa mengi. Lile lilikuwa na kazi kubwa kuliko mdomo wake, na alilipata bure pamoja na gari. Tukaenda gereji kuliulizia. Fundi alizunguka nyuma ya kontena, akarudi nalo mkononi likiwa limejaa oili chafu. Alikuwa analitumia kama beseni.