Barabara iliyozikwa na taka: wanamageuzi wa Marekani walianzia wapi

Kila tukiifundisha mada hii kwenye vipindi vyetu vya elimu kwa umma lazima mtu aulize, hao wanamageuzi wa Marekani wa miaka ya 1890 walikuwa chama gani? Hawakuwa chama, na ndo maana wanawachanganya watu. Walikuwemo wahubiri, waandishi wa habari, akina mama wenye elimu zao waliokosa kazi ya kuzifanyia, wakulima wenye madeni, na maprofesa. Usifananishe na mageuzi yetu ya vyama vingi ya 1992, wenzetu vyama walikuwa navyo na kura wanaume walikuwa wanapiga, shida ni kwamba kura zinapigwa na taka haziondoki mtaani.

Taka nimezitaja makusudi. Chicago mwaka 1880 ilikuwa na watu laki 5 na ushee, 1890 wameshafika milioni 1.1, yaani mji umezidi mara mbili ndani ya miaka kumi, viwanda vinaota kila kona, wahamiaji kutoka Italia, Urusi, Ugiriki wanashuka kila siku na kujazana kwenye nyumba za kupanga zisizo na bomba wala choo cha maana. Mwaka 1889 Jane Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr wakapanga nyumba kata ya 19, mtaa wa Halsted, wakaiita Hull House. Wazo Addams alilitoa London, alikuwa ameona vijana wasomi wanahamia uswahilini kuishi na maskini, sio kuwatembelea Jumapili halafu warudi kwao.

Kuishi nao ndo kulimfungua macho. Krismasi ya kwanza wakagawa pipi, mabinti wadogo wakazikataa. Kumbe walikuwa wanafanya kazi kiwanda cha pipi, wiki sita mfululizo kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 3 usiku, hata kuziangalia hawataki! Mimi nikieleza chimbuko la mageuzi haya naanzia hapo, vitabu vingine vinaanzia kwa marais.

Sasa taka. Mitaani kulikuwa na masanduku makubwa ya mbao ya kutupia taka, yanajaa yanafurika, watoto wanacheza juu yake. Addams akaomba tenda ya kuzoa taka za kata, ikatupwa kwa kasoro ya makaratasi, ila meya akamteua mkaguzi wa taka, hiyo ni 1895. Basi mama huyu anaamka alfajiri anafuatilia mikokoteni ya farasi mpaka jalalani kuhakikisha wazoaji hawaishii njiani. Kuna kichochoro kimoja walichimba uchafu wakakuta barabara ya mawe iko chini kama sentimita 45, na kwenye kumbukumbu za jiji ilikuwa imeandikwa muda wote! Majirani Waitaliano hawakushangaa sana, Addams anatania kwamba labda kwao walishazoea kuona miji iliyozikwa ikifukuliwa.

Mbona taka zilikaa hivyo? Kazi ya kuzoa ilikuwa fadhila ya kisiasa ya kumpa mtu wako. Diwani wa pale, Johnny Powers, alikuwa anagawa bata mzinga Krismasi, analipia mazishi, anatafutia watu vibarua. Hull House walijaribu kumng'oa 1896 na tena 1898 wakashindwa zote mbili, na Addams hakuwatukana wapiga kura, alikiri kwamba anayekuzikia mwanao huwezi kumsahau. (Msomaji wangu hapo nadhani umeshamkumbuka mtu.)

Kwa hiyo malengo yao ukiyapanga vizuri yanarudi kwenye jambo moja, hisani ya mkubwa igeuke sheria, na sheria iwe na mkaguzi. Florence Kelley, naye wa Hull House, alipita nyumba kwa nyumba akihesabu watoto na akina mama wanaoshona nguo kwa ujira wa senti, na 1893 Illinois ikapitisha sheria, chini ya miaka 14 marufuku kiwandani, wanawake masaa 8 kwa siku, Kelley akawa mkaguzi mkuu. Mwaka 1895 mahakama ya juu ya jimbo ikayafuta yale masaa 8, eti yanamnyima mwanamke uhuru wa kuingia mkataba anaotaka. Uhuru huo!

Kelley akahamia New York, na mmoja wa waliofanya kazi chini ya mwavuli wake ni binti anaitwa Frances Perkins. Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911 Perkins yuko kwenye chai karibu na Washington Square akasikia kelele, akatoka mbio. Kiwanda cha blauzi cha Triangle kinaungua, ghorofa ya 8 mpaka ya 10, mlango mmoja wa ghorofa ya 9 umefungwa kwa ufunguo, ngazi za kikosi cha zimamoto zinafika ya 6 tu. Wakafa 146, wengi wasichana wahamiaji, na baadhi Perkins aliwaona wanaruka. Wenye kiwanda mahakama iliwaachia. Ila jimbo liliunda tume ya kukagua viwanda, Perkins akiwemo kwenye kazi hiyo, na ndani ya miaka michache zikatoka sheria zaidi ya 30 za milango, moto na masaa ya kazi.

Tusiwapake mafuta lakini. 1912 rais wa zamani Theodore Roosevelt alipoanzisha chama chake cha Progressive, yaani cha wanamageuzi, mkutano wa Chicago uliwakataa wajumbe Weusi wa majimbo ya Kusini, na Addams, pamoja na kulipinga jambo hilo, alisimama akaunga mkono jina la Roosevelt kugombea urais. Wakati huohuo Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi, alikuwa anaishi mji huohuo, miaka anapigia kelele Weusi wanaonyongwa na makundi ya watu, na wengi wa wanamageuzi hawa walimsikia wakapita.

Perkins 1933 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Marekani, na 1938 ikapita sheria ya taifa zima ya kima cha chini cha mshahara na ya kuzuia ajira za watoto. Vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani hawakuwekwa kwenye masharti yake, na kule Kusini kazi hizo ndo walizokuwa wanafanya Weusi wengi.