Je, wajua mzazi humwachia mtoto dini kwa njia gani? Na masomo je?

Ukijua dini ya wazazi wa mtu, bahatisha yake. Mara nyingi utapatia. Viongozi wa dini na marafiki wana nafasi yao, ila mizizi huanzia nyumbani. Hata hivyo si kila mcha Mungu hufuatwa na mwanawe, na hapo ndipo penye swali.

Mwaka 2009 mwanaanthropolojia Joseph Henrich alitoa hoja ambayo mimi naiona nzito. Maneno hayana gharama, hata mwongo anayaweza. Kwa hiyo binadamu, tangu utotoni, humpima msemaji kwa kile anachokubali kukipoteza kwa ajili ya anachokisema. Je, anafunga kweli? Anaamka kusali usingizi ukiwa mtamu? Anatoa sadaka hata mambo yakiwa magumu? Mtoto anayehimizwa kwenda ibadani na mzazi anayebaki kitandani ameshapata somo, tena si lile lililokusudiwa.

Kuna pia suala la ukaribu. Mwanasosholojia Vern Bengtson wa Chuo Kikuu cha Southern California, pamoja na wenzake, walizifuatilia familia za Marekani kizazi baada ya kizazi kuanzia miaka ya 1970. Walikuta kwamba mzazi mwenye upendo hurithisha imani kuliko mshika dini aliye mkali au asiyekaribika. Na jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa jumla, ukaribu wa baba ulikuwa na uzito kuliko wa mama.

Mfano mashuhuri ni Augustino, mwanateolojia mkubwa wa Kikristo, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo. Baba yake, Patrisi, hakuwa Mkristo hadi karibu na mwisho wa maisha yake, wala hakuwa tajiri, lakini alijikamua ili kijana akasome Kartago, mji uliokuwa katika Tunisia ya leo. Mama, Monika, alitaka awe Mkristo. Kijana akaupata usomi, imani ya mama akaiweka kando na kuwafuata Wamani, wafuasi wa dini ya nabii Mani wa Uajemi, kwa takriban miaka tisa. Monika akakataa kula naye meza moja kwa muda, haikusaidia. Akamwomba askofu mmoja akajadiliane naye. Askofu akakataa: kijana bado mbishi, aachwe, aombewe tu. Mwaka 387 Augustino alibatizwa Milano, na mwaka huohuo mama yake akafariki.

Askofu yule huenda alijua kitu. Utafiti wa mapacha wa kiume wa Minnesota, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba katika ujana mdogo tofauti za ushika dini hutokana zaidi na malezi ya nyumba moja. Mtu akishakuwa mzima, nguvu hiyo hupungua na maumbile ya kuzaliwa huchukua nafasi kubwa zaidi. Kijana akiwa chini ya paa la wazazi, ibada ni ratiba ya nyumba. Akihama, ratiba anaipanga mwenyewe.

Kwenye masomo nako maumbile na malezi hugawana kazi. Mchumi Bruce Sacerdote, katika utafiti wa mwaka 2007, aliwachunguza watoto wa Korea waliolelewa na familia za Marekani zisizo na undugu nao wa damu. Waliopangiwa nyumba zenye watoto wachache na wazazi waliosoma sana walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza chuo kikuu. Kwa hiyo si damu peke yake.

Ni nini basi wanachofanya wazazi hao? Watafiti Nancy Hill na Diana Tyson walizipitia tafiti 50 kuhusu wanafunzi walio kati ya utoto na ujana, na matokeo yao yalitoka mwaka 2009. Kilichoenda sambamba zaidi na ufaulu ni mazungumzo: kumweleza kijana thamani ya elimu, kumtarajia mengi, kuunganisha somo la leo na anachotaka kuwa kesho. Kumsaidia kazi za shule alizopewa akafanye nyumbani hakukuonyesha faida hiyo. Bila shaka wazazi wengi husogea karibu na daftari pale mtoto anapokuwa ameshaanza kufeli, kwa hiyo tusiulaumu msaada wenyewe haraka.