Maji Maangavu, Taa Inayowaka: Tunavyodanganyika Kuhusu Tangi la Kobe

Ukimuuliza mfugaji wa kobe wa majini kama tangi lake ni safi, atalitazama. Ukimuuliza kama taa ni nzima, atainua macho aone kama inawaka. Hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu vitu viwili vinavyoamua afya ya mnyama huyu, yaani amonia (sumu itokanayo na uchafu) iliyo majini na miale ya UVB (aina ya mwanga wa jua ambayo taa maalumu huitoa) inayotua juu ya jukwaa kavu anapopanda kuota joto, havionekani kwa macho. Takwimu nitakazotaja zinamfaa hasa kobe mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, *Trachemys scripta elegans*, ambaye ni miongoni mwa wanaofugwa zaidi duniani. Mengine yanawahusu pia ndugu zake wengi wa maji baridi.

"Maji yakiwa maangavu, basi ni safi"

Amonia haina rangi. Kobe anakula, anakunya, mabaki ya chakula yanaozea chini ya jiwe, na vyote hivyo vinaitoa. Tangi linaweza kupendeza kwa kila anayepita huku macho ya kobe yakianza kuvimba na ngozi ya shingo kuwa nyekundu.

Anayeiondoa amonia si wewe, ni bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji za kichujio, juu ya mawe na kwenye kuta za tangi. Katika tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha, na pengine zaidi. Kwa hiyo tangi linalometameta la wiki ya pili huenda likawa hatari kuliko la mwaka mzima lenye mwani ukutani. Na maji yaliyopata rangi ya kahawia hafifu kutokana na gogo lililowekwa humo yanaweza kuwa salama kabisa, ingawa mgeni atayatazama kwa shaka.

Dawa ya ubishi huu ni kipimo cha matone. Unachota maji kidogo kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unasubiri dakika chache, kisha unalinganisha rangi na kadi. Katika vipimo vingi vya amonia, maji yakibaki manjano hakuna tatizo. Yakianza kuelekea kijani, hata kijani hafifu, badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo. Amonia na nitriti zinatakiwa kuwa sifuri. Nitrati ikikaa chini ya miligramu 40 kwa lita, uko pazuri.

"Kusafisha ni kumwaga maji yote na kusugua kila kitu"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, maana inawaponza wenye bidii. Mtu anamaliza asubuhi nzima akisugua mawe, anaosha sponji chini ya bomba hadi zirudi kuwa kama mpya, anajaza maji mapya, anafurahi. Siku moja au mbili baadaye maji yanakuwa na ukungu mweupe. Anadhani hakusafisha vya kutosha, anamwaga tena. Kumbe ukungu ule ni dalili kwamba alilivuruga kundi la bakteria lililokuwa likimfanyia kazi, na kila anapomwaga analirudisha tangi mwanzo.

Kinachotakiwa ni kubadilisha robo hadi nusu ya maji kila wiki, huku ukifyonza uchafu wa chini kwa mpira. Sponji ioshwe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini muda huo huo: ichovye, ibinye mara mbili tatu, maji ya ndoo yatageuka rangi ya udongo, basi. Utelezi wa kahawia unaobaki kwenye sponji usiuonee kinyaa. Ndimo bakteria walimo. Kama kichujio kina sponji na vijiwe vya kauri, usivioshe vyote siku moja.

Wapo wanaosema kobe anavuta hewa kwa mapafu, kwa hiyo klorini ya maji ya bomba haimhusu. Wana haki kidogo: haimuumizi kama inavyounguza matamvua ya samaki. Ila inawaua bakteria wa kichujio, na madhara yatamrudia kobe kupitia amonia. Kuacha maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huondoa klorini, lakini hakuondoi kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji huitumia. Matone ya dawa ya kuondoa klorini huokoa muda na mashaka.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: chomoa hita kwenye umeme kabla ya kupunguza maji. Hita ya kioo ikibaki inachemka nje ya maji hupasuka. Na waya wowote unaotoka tangini uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone la maji lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

"Kichujio kizuri kinamaliza kazi yote", au "weka samaki wa kusafisha"

Kichujio hakiondoi nitrati, kwa hiyo hakuna kitakachokuepusha na ndoo. Tena ukubwa ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi umekadiriwa kwa samaki. Kobe huchafua zaidi, hivyo chagua chenye uwezo wa mara 2 au 3 ya ujazo wa tangi lako. Samaki wa kusafisha naye anakunya kama wenzake. Hatakula kinyesi cha kobe, na siku yoyote anaweza kugeuka kitoweo, miiba ya mapezi yake ikamkwama kobe kooni.

"Tangi dogo ni rahisi kulitunza"

Ni kinyume chake. Kinyesi kile kile kwenye maji machache kinakuwa sumu kali kwa muda mfupi. Wafugaji wengi hutumia kanuni ya lita 38 kwa kila sentimita 2.5 za urefu wa gamba. Jike aliyekomaa hufikisha sentimita 25 na zaidi; piga hesabu, ni karibu lita 380. Na si kweli kwamba kobe hukua kulingana na tangi. Anayedumaa kwenye beseni amedumazwa na maji mabaya, lishe mbovu na ukosefu wa mwanga.

"Taa ikiwaka, inatoa UVB"

Mwanga unaouona siyo UVB. Miale hii ya urujuanimno iko kati ya nanomita 290 na 315 hivi, na jicho la binadamu haliioni kabisa. Mirija ya taa hizi huchakaa polepole: inaendelea kuangaza vizuri miezi mingi baada ya UVB yake kupungua mno. Nyingi zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kutegemea aina. Siku unapofunga taa mpya, andika tarehe kwenye kitako chake kwa kalamu isiyofutika. Mwenye uwezo wa kununua mita ya UV ana uhakika zaidi, maana hata taa mpya ikifungwa mbali mno haisaidii. Nguvu ya miale hushuka haraka kadiri umbali unavyoongezeka, na taa nyingi hutakiwa kuwa sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye gamba. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa taa uliyo nayo. Wavu uliopo katikati unapunguza sehemu kubwa ya miale, na kifuniko cha kioo kinaizuia karibu yote.

Kobe anaihitaji miale hii ili ngozi yake itengeneze vitamini D3, ambayo bila hiyo mwili haufyonzi kalsiamu ipasavyo. Kalsiamu ikikosekana, mwili unaichukua kwenye mifupa. Gamba linakuwa laini ukilibonyeza, kingo zinajikunja, taya linalegea, na mwishowe miguu inavunjika kwa purukushani ndogo tu. Wadogo huathirika upesi zaidi.

Kuna hatua moja ambayo wengi hawaijui: baada ya UVB kufanya kazi yake kwenye ngozi, kemikali iliyopatikana inahitaji joto la mwili ili igeuke kuwa D3. Ndiyo maana taa ya joto na taa ya UVB zielekezwe mahali pamoja, badala ya kuwekwa kila moja kwenye kona yake. Jukwaa liwe na nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, zipimwe kwa kipimajoto kilicholazwa pale kobe anapolala, na maji yawe 24 hadi 27. Jukwaa lenyewe liwe kavu kabisa. Kobe aliyeridhika nalo utamtambua: ananyoosha shingo, anatupa miguu ya nyuma nje na kutanua vidole vyake. Akipanda na kushuka kila mara, kagua joto. Asipopanda kabisa, kagua kila kitu.

"Tangi liko dirishani, jua linatosha"

Kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote na kupitisha joto na mwanga. Matokeo yake ni kobe asiyepata D3, maji yanayoweza kupata joto kupita kiasi mchana, na mwani unaostawi. Sijui mahali pabaya zaidi pa kuweka tangi.

Maneno ya kwenye maboksi nayo yasikuhadae. Taa iliyoandikwa "mwanga kamili" si lazima iwe na UVB, na rangi ya buluu haithibitishi chochote. Balbu ya kawaida ya joto haina UVB ya maana. Zinazotoa vyote viwili ni chache, zikiwemo za mvuke wa zebaki. Taa ya UVC, inayofungwa ndani ya baadhi ya vichujio kuua vijidudu, isimmulikie kobe kamwe: inaharibu macho na ngozi, yake na yako.

Taa nyekundu ya usiku? Kobe anauona wekundu vizuri, kwa hiyo kwake bado ni mwanga. Saa 12 za taa na saa 12 za giza zinamtosha, na swichi ya saa itakukumbukia. Chumba kikipoa usiku, hita ya majini ipo.

"Mwani umezidi, zima taa"

Ukizima taa unamwadhibu kobe kwa kosa lisilo lake. Mwani unakula nitrati na mwanga, basi punguza nitrati: mpe chakula kidogo zaidi, toa mabaki baada ya dakika 15, badilisha maji kwa wakati, sogeza tangi mbali na dirisha. Ule wa ukutani hauna madhara, na kobe wengine huula.

Mwani wa kwenye gamba toa kwa mswaki laini na maji matupu. Sabuni hapana, mafuta ya kung'arisha hapana. Gamba ni mfupa hai wenye mishipa ya damu na ya fahamu, uliofunikwa kwa tabaka la keratini, kitu kile kile cha kucha zetu. Vipande vyembamba vinavyobanduka vyenyewe ni kawaida. Mashimo, madoa meupe yanayolainika au harufu ya kuoza ni kazi ya daktari wa mifugo.

"Kobe wangu ni msafi, hana vijidudu"

Kobe mwenye afya nzuri anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha binadamu, maisha yake yote bila dalili hata moja, na maji maangavu yanaweza kuwa nayo pia. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike kobe wala kuchezea maji yake. Maji machafu ya tangi yasimwagwe kwenye sinki la jikoni. Ndoo na sponji viwe vya kazi hiyo tu, nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza, na unapotaka maji yaanze kutiririka kwenye mpira, usiuvute kwa mdomo: uzamishe wote tangini ujae, ziba ncha moja kwa kidole, kisha ishushe kwenye ndoo.